Jina la Pili la Ng'ombe wa Kogo Taprandich

Chebet, na nyinyi wenzake mnaobaki dirishani, mliniomba kabla sijaondoka niwaandikie kurasa chache kuhusu kulinda akaunti za wanachama. Nimekaa nyumbani, nimekunywa chai ya kutosha, nimeandika, na nikisoma nilichoandika naona karibu chote ni habari za ng'ombe. Vumilieni. Nilijaribu kuwakwepa nikashindwa.

Mimi ni mtoto wa nyumba za kampuni, katikati ya mashamba ya chai ya Kericho. Baba yangu alitoka upande wa ziwa akaja kufanya kazi kiwandani, kwenye chumba cha kukaushia majani, na hakurudi tena ila kwa mazishi na Krismasi. Nilipoajiriwa na sacco yetu, ambayo wanachama wake ni wakulima wadogo wa chai, nilikuwa na Kipsigis, lugha ya wenyeji, kiasi cha kugombania kamba ya kuruka na hesabu za shule, basi. Siku ya kwanza nilivaa blauzi nyeupe. Hakuna aliyenionya. Kazi yangu ilikuwa kushika kidole gumba cha mwanachama, kukikandamiza kwenye kidau cha wino, kisha kwenye karatasi. Kufikia saa ya chakula mikono ya blauzi ilikuwa imebeba alama za vidole vya nusu ya watu wa Bureti.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Kirui, mkuu wa dirisha wa wakati huo, mtu mfupi mwenye sweta ya kijani iliyofumwa na mkewe, ambayo hakuivua hata jua likiwaka. Alinitazama nikihangaika na kidole cha mama mmoja kilichokataa kabisa kutoa alama. Mchumaji wa chai wa miaka mingi hana alama za vidole. Utomvu wa majani umevipaka weusi, na kazi imevisugua vikawa laini kama mgongo wa kijiko.

"Wino haitakusaidia, msichana," Mzee Kirui akaniambia. "Ongea na yeye kwanza. Angalia mtu."

Yeye mwenyewe aliongea na kila mtu. Alikuuliza kama mvua imefika kwenu, kama daraja limetengenezwa, kama yule fahali wa jirani bado anavunja ua. Mwenye akaunti alijibu bila kufikiri. Mwizi alifikiri. Siku moja alikuja kijana na kadi ya mjomba wake, anadai ndiye mjomba, mkulima wa Kipkelion. Mzee Kirui alikishika kidole chake, akakigeuza huku na huku kama anayenunua mhogo, akasema, "Mkulima, mbona una kidole ya karani?" Kijana aliondoka haraka mpaka akaacha kofia. Ilikaa kwenye kabati letu mpaka panya walipoimaliza.

Halafu simu zikaja. Mnayajua haya, lakini hamjui tulivyohangaika. Sacco ilifungua akaunti ya uwekezaji ambayo mtu angeweza kuiangalia na kuitumia akiwa shambani kwake, na wakulima waliipenda kwa sababu iliwapunguzia safari na foleni. Waliotuuzia mtambo walituhakikishia kwamba kidole kingefanya kazi yote. Tuliwaambia habari za vidole vya hapa. Wakacheka kwa adabu. Wiki ya kwanza dirisha lilijaa wazee wanaosugua vioo vya simu kwa magumba, na simu zinawakataa mmoja baada ya mwingine kama mabinti wanaokataa posa.

Ndipo tukaingia kwenye namba ya siri na swali la siri. Ukisahau namba, mtambo unakuuliza swali; ukijibu sawasawa, unakutumia meseji yenye tarakimu, na hizo tarakimu ukiziingiza unafunguliwa. Milango miwili. Maswali yalikuja yameshaandikwa, na mojawapo lilitaka jina la mnyama unayempenda. Nadhani aliyeliandika alikuwa na paka. Wanachama wetu, karibu wote, waliandika ng'ombe.

Hapa lazima niwaeleze wale wageni miongoni mwenu jambo ambalo mimi nilijifunza kwa aibu nikiwa mtoto. Ukimuuliza mzee wa Kipsigis ana ng'ombe wangapi, umemkosea. Mifugo haihesabiwi hivyo, na anayeuliza ana nia gani? Atakunja uso, atakwambia "wako tu." Lakini muulize jina la ng'ombe wake bora, uso unafunguka. Atakutajia jina, jina la mama yake, la nyanya yake, na mwaka wa kiangazi ambapo huyo nyanya aliendelea kutoa maziwa majirani wakinunua ya pakiti.

Mwizi mmoja alilijua hilo kuliko sisi ofisini.

Mzee Koech wa Londiani, mkulima wa viazi mwenye kipande cha chai upande wetu, alikuja asubuhi moja akaketi mbele yangu. Akaomba maji. Akanionyesha simu. Akaunti yake ya uwekezaji ilikuwa tupu. Niliingia kwenye mtambo nikaona kila kitu kimefanywa kihalali: swali limejibiwa sawa, tarakimu zimeingizwa sawa. Nilikumbuka Mzee Kirui, nikafunga kompyuta, nikaanza kuongea.

"Mzee, kuna mtu alikupigia simu?"

"Hapana. Daktari wa ng'ombe tu."

"Daktari gani?"

"Ati wanaandikisha ng'ombe ya chanjo. Alikuwa na heshima sana. Hakuuliza iko ngapi. Aliuliza jina tu."

"Ukamwambia?"

"Nikamwambia na ya mama yake."

Siku iliyofuata mtu mwingine alimpigia akisema anatoka sacco, kwamba akaunti ina shida, asome zile tarakimu zilizoingia. Mzee akazisoma. Nilikasirika siku hiyo mpaka nikashindwa kula. Tulihangaika na polisi na watu wa simu, tukapata sehemu ndogo tu ya akiba yake, na mzee akanishukuru kwa hiyo sehemu ndogo, jambo ambalo liliniumiza kuliko kama angenitukana.

Basi nikaanza kuzunguka vituo vya kununulia chai. Nilichagua vituo kwa sababu hapo watu wanangoja lori la kiwanda na hawana pa kunikimbilia. Wanamwaga majani kwenye magunia, wanachambua, wanapiga soga, na karani anapima. Mahubiri yangu yalikuwa mafupi. Meseji ya tarakimu ni yako peke yako. Hata mimi Akinyi nikikuomba, ninyime. Anayekuharakisha si wa ofisi. Na jibu la swali la siri lisiwe jina ambalo unaliita kwa sauti kila alfajiri ukienda kukamua, mtaa mzima ukisikia.

Nilikuwa nimepanga pia kuwakataza tabia ya spika. Huku simu ya mzee ni ya kila mtu. Huwekwa kwa spika, wote wasikie, wote wachangie, na anayeenda kando na simu yake anashukiwa kuwa na mpango wa kando. Lakini nikiwa nimesimama mbele yao, nikitazama jinsi kila mmoja alivyokuwa akisikiliza simu ya mwenzake, nikabadilisha mawazo papo hapo. Nikawaambia: mtu akipiga kuhusu akaunti yako, weka kwa spika hapa kituoni. Akikuambia utoke kando ya watu, huyo ni mwizi. Akisema yeye ni Akinyi, mwambie aje mumwone uso.

Kwenye kituo kimoja karibu na Kapkatet ndipo nilipokutana na Kogo Taprandich. Kogo ni nyanya, kama mjuavyo, na huyu alikuwa nyanya wa kituo kizima. Mguu wake wa kulia ulikuwa umeharibika kwenye nyonga. Mwenye pikipiki alimleta asubuhi akiwa amekaa upande, akateremshwa kama gunia, akachambua majani ya wachumaji wake mpaka jioni. Hakuna alichokichukia duniani kama kuteremshwa kwenye pikipiki mbele ya kanisa Jumapili. Kila bonasi ya chai aliyopata, baada ya mbolea na wachumaji, aliiingiza kwenye akaunti ya uwekezaji. Ilikuwa akiba ya nyonga mpya. Daktari alikuwa amemwambia inawezekana, na yeye alikuwa ameamua kwamba atakwenda kanisani kwa miguu yake kabla hajafa.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akainua mkono.

"Madam, hiyo kompyuta inauliza ng'ombe yangu anaitwa nani. Anaitwa Chelel. Unataka niandike ingine?"

"Ndiyo, Kogo. Andika lolote lingine."

"Kwa hivyo unataka nidanganye."

Nilieleza kwamba kompyuta haijali. Akasema yeye anajali. Ameokoka tangu akiwa msichana na hataanza kuandika uongo sasa akiwa amebakisha miaka ya kuhesabika. Wengine wakaanza kutikisa vichwa pamoja naye, nikaona mahubiri yangu yote yanaanguka. Nilimtafuta pasta wao, Pasta Langat, mtu mcheshi, akaja kituoni wiki iliyofuata. Akawaambia amri inakataza kumshuhudia jirani uongo, na kompyuta si jirani. Watu wakacheka. Kogo hakucheka.

"Pasta, hapo ndani ya kompyuta si kuna watu wa ofisi? Hao si jirani?"

Pasta alisema ana ziara ya mgonjwa, akaenda.

Niliondoka nikiwa nimekata tamaa na yule mama. Wiki mbili tatu baadaye nikarudi, na kabla sijashuka kwenye gari la ofisi Kogo alinipungia mkono, amefurahi sana.

"Nimepatia ng'ombe jina ya pili," akaniambia.

Alikuwa amekwenda zizini asubuhi, wakiwa wawili tu, yeye na ng'ombe. Akamshika pembe, akamnong'oneza jina jipya sikioni, akamwombea, akampa chumvi. Tangu siku hiyo ng'ombe ana majina mawili kwa haki kabisa: Chelel la kuitwa na watu, na hilo lingine, ambalo hakuna aliyelisikia isipokuwa wao wawili na Mungu. Halafu akaliandika kwenye simu. Hakukuwa na uongo popote. Nilicheka mpaka nikashika gari. Baada ya mwezi mmoja nusu ya mazizi ya eneo hilo yalikuwa na ng'ombe wenye majina ya siri, na mimi, ambaye nimehudhuria semina za usalama katika hoteli nzuri, sijawahi kusikia njia bora zaidi.

Mwizi alimpigia Kogo msimu wa bonasi. Haya nilisimuliwa na Chepkoech, karani wa kituo, aliyekuwa kwenye mizani. Simu ikawekwa kwa spika. Kijana, sauti tamu, akasema ni msaidizi wa Madam Akinyi, kwamba akaunti inafungwa leo.

"Na ili ujue ni sisi, mama, hapa naona ng'ombe yako ni Chelel."

"Ndiyo, Chelel," Kogo akasema.

"Sasa mtambo inakataa hiyo jina. Umebadilisha? Toka kidogo hapo kwa kelele, mama, uniambie."

"Mguu yangu haitoki. Ongea hapa hapa."

Wachumaji walikuwa wameshasogea. Mmoja akauliza kwa sauti kubwa, "Huyo Chelel unamjua, ana pembe ngapi?" Mwingine akataka kujua amezaa mara ngapi. Kijana akajaribu kujibu, maskini, akasema mara nne, akakosa kabisa. Kituo kizima kikapiga kelele kama kwenye mpira, akakata. Nilipoangalia mtambo nilikuta mtu amejaribu "Chelel" tena na tena mpaka akafungiwa. Nyonga ya Kogo iliponea hapo.

Sasa nifike wiki yangu ya mwisho kazini, ambayo wewe Chebet unaijua, lakini unaijua kutoka upande wako wa simu.

Kogo alikuwa amepata nafasi hospitalini. Daktari wa mifupa huja mara chache, na kitanda kilikuwa cha kesho yake asubuhi. Hospitali ilitaka malipo yaingie siku hiyo. Kogo alisaidiwa na binti yake kutuma ombi la kutoa akiba yote kwenye akaunti ya uwekezaji, na mtambo ukalizuia. Ulilizuia kwa sababu ya sheria niliyoidai mimi mwenyewe baada ya Mzee Koech: mwanachama akitaka kutoa yote kwa mkupuo, ofisi impigie kwanza. Mchana nikampigia. Nilikuwa na furaha, nilitaka niwe mimi wa kumpa habari njema. Nikasikia ile sauti ya wazi na kelele za magunia, nikajua niko kwa spika.

"Chamgei, Kogo. Ni Akinyi."

"Akinyi gani?"

"Akinyi wa sacco. Nataka kukuuliza kuhusu yale malipo ya hospitali."

"Hata yule mwingine alikuwa wa sacco," akasema mwanamume mmoja.

Nikaingia Kipsigis, Kipsigis changu kizuri kabisa, na salamu za watu wa nyumbani kwake nikaweka. Kisha nikasikia mama mmoja akisema kwa masikitiko, "Ona vile huyu anaongea vizuri. Wezi siku hizi wanaenda shule."

"Kogo, tafadhali, kitanda ni cha kesho. Ofisi inafunga."

Nilijua kosa nilipolitamka. Nilikuwa namharakisha. Kituo chote kilinguruma.

"Kama wewe ni Akinyi," Kogo akasema taratibu, "kuja tuone uso yako."

Akakata. Nilipopiga tena, simu ikaniambia hapatikani; walikuwa wameshanizuia. Nikajaribu ya Chepkoech, nayo ikaita bila kupokewa. Gari la ofisi lilikuwa Kipkelion. Mvua ilikuwa imeanza. Nikatoka barabarani na sketi yangu ya kuagia watu, nikapanda pikipiki, nikakaa upande, mkono mmoja umeshika mwavuli ambao haukufika mbali. Njiani nilifikiria kitanda kile kinapewa mtu mwingine kwa sababu ya sheria yangu, nikaogopa kwelikweli. Nilimwambia mwenye pikipiki aongeze mwendo. Akaniambia mama, tope haina haraka.

Nilifika nimelowa, nina matope mpaka kwenye nyusi. Lori lilikuwa bado. Watu walinitazama nikiteremshwa. Chepkoech akajifunika uso kwa kitabu cha risiti, mabega yanatetemeka.

"Ni yeye kabisa," yule mama aliyedai wezi wanaenda shule akasema.

Kogo alinyoosha mkono. "Kitambulisho."

Nikampa ile kadi ya kazi inayoning'inia shingoni. Aliitazama mbele, akaitazama nyuma, akatazama uso wangu.

"Hii picha ni ya msichana."

"Ni mimi, Kogo. Ni ya zamani."

"Ulikuwa mzuri," akasema, akanirudishia.

Nikakupigia wewe, Chebet. Nikasema, fungulia Kogo, niko naye hapa, namwona kwa macho yangu. Unakumbuka ulichonijibu? Mimi nakumbuka.

"Madam, pole sana, lakini sauti tu siwezi. Wewe ndiye ulisema. Mwanachama ajibu swali mwenyewe kwa simu yake, halafu mimi nafungua."

Simu yangu ilikuwa kwa spika. Kituo kikasikia, kikakupigia makofi, na mimi nikasimama pale kwenye mvua nikiwa nimefungiwa nje na watu wawili niliowafundisha. Nilifurahi mpaka macho yakalowa, ingawa hakuna aliyeweza kutofautisha.

Kogo akatoa simu yake kwenye mfuko wa aproni, akaifuta kwa leso. Swali lilikuwa limeshaingia. Akainua kichwa.

"Geukeni wote."

Wakageuka. Wachumaji na vikapu vyao mgongoni, Chepkoech na mizani yake, wenye pikipiki, wote wakatupa uso upande wa mashamba, kama watu waliosimama kwa maombi. Sijawahi kuona ulinzi wa namna hiyo katika ofisi yoyote. Nilibaki nimesimama pale nikitabasamu, nikingoja amalize.

"Na wewe, madam," Kogo akasema. "Geuka."

Nikageuka.

Jumapili iliyopita nilialikwa kanisani kwao. Wimbo wa pili ulikuwa umeanza tulipomwona Kogo mlangoni, amekuja kwa miguu yake, na fimbo moja, na wenye pikipiki wawili wakimfuata nyuma kwa heshima, injini zimezimwa, iwapo atachoka. Alipita katikati polepole, hakumshika mtu, akaketi mbele kabisa. Pasta Langat alisimamisha wimbo, akatuambia tuanze upya.